Kabla ya Kuchemsha Jani: Ushauri kwa Wanaotibu Virusi kwa Dawa za Msitu

Barabara ya Opala inaanzia Lubunga, ng'ambo ya mto kwa mtu wa Kisangani mjini, na kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 200 za udongo. Mvua kubwa ikinyesha, pikipiki hulala njiani. Anayesafiri kwa maji kutoka Opala huteremka mto Lomami mpaka Isangi, unapoingia mto Kongo, kisha hupandisha kwa mashua ya mbao katikati ya magunia na mbuzi. Kwa hiyo mtoto akishikwa na homa usiku katika kijiji cha huko, dawa ya kwanza anayoipata haitoki duka la dawa. Inatoka nyuma ya nyumba, au kwa mzee wa jirani anayejua miti. Simlaumu mama anayechuma majani hayo, wala sitaki mtu wa mjini amcheke. Ninachotaka ni achume akijua anatafuta nini, maana kuna ugonjwa ambao jani humpa mtoto nafuu, na kuna ugonjwa ambao jani humchelewesha mpaka muda wa kumwokoa unapita.

Nitazungumzia magonjwa ya virusi peke yake: mpox, surua, homa ya ini aina ya B, UKIMWI, mafua, Covid na Ebola. Malaria haitokani na virusi, wala taifodi. Nayataja hayo mawili mapema kwa sababu mtoto wa jimbo letu la Tshopo mwenye homa achukuliwe kuwa ana malaria mpaka kipimo kikatae. Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni na kungoja kama dakika 20 kwenye kituo cha afya. Usianze kujadili ni virusi gani na ni jani gani kabla ya tone hilo.

Baada ya hapo, jiulize unataka jani lifanye kazi ipi. Kazi ni tatu na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni kuua virusi au kuvizuia visizaliane. Ya pili ni kupunguza mateso: homa, kikohozi, mwasho, koo kuuma. Ya tatu ni kuulisha na kuunywesha mwili ili upigane wenyewe. Kazi ya pili na ya tatu mimea ya kwetu inaziweza kwa kiasi kizuri. Kazi ya kwanza ndiyo ngumu, na ndiyo inayotangazwa sokoni kwa sauti kubwa kuliko zote.

Ugumu wake uko hapa. Kirusi hakiishi peke yake. Huingia ndani ya seli ya mtu na kutumia viungo vya seli hiyo kujizalisha. Nje ya mwili kukiua ni rahisi, hata sabuni ya kufulia inaua virusi vingi. Kukiua ndani ya seli bila kuua seli yenyewe ni shughuli nyingine kabisa. Ndiyo maana habari kwamba jani fulani limeua virusi maabara haijakuambia lolote kuhusu kikombe utakachokunywa. Maabara humwaga dawa moja kwa moja juu ya seli. Wewe unainywa, inapita tumboni, inapita kwenye ini linaloivunjavunja, na kinachofika kwenye damu huenda kikawa kidogo mno. Ukiongeza vikombe ili kifike kingi, figo na ini ndivyo vinavyolipa.

Mfano wa karibu na misitu yetu ni kamba moja ya msituni iitwayo Ancistrocladus korupensis, iliyochumwa Korup, nchini Kamerun, mwaka 1987, katika kazi ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ya kutafuta dawa mpya. Ndani ya majani yake walipata kitu walichokiita michellamine B, ambacho maabara kilizuia virusi vya UKIMWI vya aina zote mbili. Watu walishangilia, mimea ikaanza kupandwa ili malighafi isiishe. Kisha wanyama walipopewa, ikaonekana kwamba kiasi kinachoweza kuzuia kirusi kinakaribiana na kiasi kinachodhuru mwili. Kazi ikasimamishwa. Ndugu za kamba hiyo zinaota katika misitu ya Kongo, na wanakemia wamezichunguza mpaka za upande wa Ikela, jirani na Opala. Bado zinatoa vitu vya kushangaza kwa utafiti. Lakini mtu akikuuzia chai ya kamba hiyo akisema wazungu wamethibitisha inatibu UKIMWI, atakuwa amesimulia nusu ya kwanza ya habari na kuficha ya pili.

Ngadiadia nayo ilipitia njia hiyo. Kila mtu wa Kisangani ameiona kwenye sinia za wauzaji, punje chungu inayotafunwa taratibu. Mwaka 1999, mwanasayansi wa Nigeria, Maurice Iwu, alieleza kwenye mkutano wa wataalamu wa mimea mjini St. Louis, Marekani, kwamba vitu vilivyotolewa kwenye punje hiyo vilizuia kirusi cha Ebola maabara. Ebola ilipoingia Nigeria mwaka 2014, uvumi ulienea kwamba kutafuna ngadiadia kunatosha, na wataalamu wa afya wakalazimika kusema wazi kwamba hakuna aliyepona Ebola kwa kutafuna punje. Dawa za Ebola zilizokuja kuthibitishwa zilijaribiwa hapa hapa Kongo, wakati wa mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulioanza 2018. Mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995, na profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, alikuwa miongoni mwa walioisukuma kazi hiyo. Tafuna ngadiadia ukiipenda. Usiipe kazi ya Ebola.

Je, hakuna mmea uliowahi kutoa dawa ya virusi? Upo, na inafaa kujua ulivyoitoa. Dawa ya mafua makali iitwayo oseltamivir ilitengenezwa kwa kuanzia na asidi inayopatikana kwa wingi kwenye anisi ya nyota, kiungo cha Wachina. Lakini kunywa chai ya anisi hakutibu mafua hayo, kwa sababu oseltamivir haimo kwenye anisi. Imo malighafi tu, ambayo viwanda huigeuza hatua baada ya hatua. Marekani iliidhinisha mwaka 2006 marhamu ya majani ya chai ya kijani kwa ajili ya vigwaru vya sehemu za siri, ambavyo husababishwa na virusi. Ni marhamu ya kupaka, yenye kipimo kinachojulikana. Hizo ndizo faida za kweli za mimea katika vita hivi: zipo, ni chache, na kila moja ilipita kwenye mizani.

Sasa nikuoneshe mmea mmoja ulio uani kwako. Tazama kando ya ukuta wa nyumba au kwenye njia ya kwenda kisimani baada ya mvua: mmea mdogo usiofika magotini, wenye vijitawi vyembamba na majani madogo yaliyopangwa safu mbili. Geuza kijitawi chini juu. Utaona vitunda vidogo vya kijani, mviringo kama shanga, vimening'inia kwenye mstari chini ya majani. Huo ni Phyllanthus amarus. Kuanzia India mpaka Brazili mmea huo na ndugu zake hunywewa kwa ajili ya macho ya njano na maradhi ya ini, na kwetu pia wapo wanaouchemsha kwa kazi hiyo.

Mwaka 1988 jarida la Lancet lilichapisha jaribio kutoka India. Kati ya watu 37 wenye homa ya ini B waliopewa unga wa mmea huo kwa siku 30, watu 22 hawakuonekana tena na alama ya kirusi kwenye damu. Kati ya 23 waliopewa vidonge visivyo na dawa, ni mmoja tu. Miongoni mwa walioandika makala hiyo alikuwamo Baruch Blumberg, mtu aliyepata Tuzo ya Nobel kwa kukigundua kirusi chenyewe. Sidhani kama mmea wa uani umewahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo. Ikabaki wengine warudie. Walirudia katika nchi kadhaa, kwa wagonjwa wengine, na matokeo yale hayakuonekana tena kwa namna ya kuaminika. Leo hakuna mwongozo wa tiba ya homa ya ini B unaouweka mmea huo badala ya dawa ya tenofovir.

Nimekaa kwenye habari hii kwa sababu inafundisha namna jani linavyojipatia sifa isiyo yake. Mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B kwa mara ya kwanza, mara tisa kati ya kumi mwili wake huiondoa wenyewe katika miezi michache. Macho yanakuwa ya njano, anakunywa jani, macho yanakuwa meupe, jani linasifiwa kijiji kizima. Mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa ni kinyume: mara tisa kati ya kumi kirusi kinabaki naye maisha yote, bila maumivu, na huenda ini likakauka au kuota saratani ukubwani. Huyo ndiye anayehitaji dawa, na ndiye asiyeonekana kuumwa. Hivyo ushauri wangu kwa mwenye macho ya njano ni huu: pima damu, na kama una homa ya ini B pima tena baada ya miezi sita. Kama kirusi bado kipo, fuata daktari, hata kama unajisikia mzima kabisa. Na mtoto apate chanjo; homa ya ini B imo ndani ya sindano anazopewa akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Mpox nayo huisha yenyewe kwa wengi, katika wiki mbili mpaka nne. Surua ni siku chache zaidi ya wiki. Mafua ni wiki. Jani lililonywewa siku ambayo ugonjwa ulikuwa unaondoka litashukuriwa daima.

Wapo watakaosema kipimo hiki cha kulinganisha dawa na vidonge vitupu kimewekwa ili kuudhalilisha mti wa Mwafrika. Nawaomba watazame kilichotokea Tunda, katika Maniema, na Kole, katika Sankuru, huko huko kwenye misitu ya katikati ya nchi yetu. Kuanzia mwishoni mwa 2022, INRB na taasisi ya Marekani ya NIAID zilijaribu dawa ya kizungu iitwayo tecovirimat kwa watu 597 wenye mpox, watoto na wakubwa. Maabara na kwa wanyama dawa hiyo ilikuwa imefanya vizuri sana. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024: vidonda vya waliopewa dawa havikupona haraka kuliko vya waliopewa vidonge vitupu. Kidonge cha kiwandani kilipewa mtihani ule ule wa jani la India, na kikaanguka mbele ya dunia nzima.

Lakini jaribio hilo liliacha habari nyingine ambayo kwa mtu wa Opala ina uzito kuliko dawa yenyewe. Wagonjwa wote walilazwa, wakalishwa, wakanyweshwa, vidonda vyao vikaangaliwa na maambukizi ya juu yake yakatibiwa. Katika kundi zima walikufa asilimia 1.7, wakati nchini kwa kawaida walikuwa wakifa asilimia 3.6 au zaidi. Waliopewa dawa na waliopewa vidonge vitupu walikuwa sawa. Kilichowaokoa ni kutunzwa.

Kutunza ni kitu unachoweza kukianza nyumbani leo. Mpox inajulikana kwa homa, tezi zilizovimba shingoni au kwenye mapaja, na vipele vinavyokuwa malengelenge kisha magamba, vikifika mpaka viganjani na nyayoni. Tetekuwanga huwasha zaidi na mara nyingi haikai sana viganjani, lakini usijiamulie. Mwite mhudumu wa afya aone na achukue kipimo. Mgonjwa apewe sehemu yake ya kulala, sahani yake, taulo yake, mtu mmoja wa kumhudumia ikiwezekana, mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itokee. Vidonda vioshwe kwa maji safi na sabuni, vikaushwe, visipasuliwe. Mkate mtoto kucha. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Kama anaharisha au kutapika, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, umnyweshe kidogo kidogo. Koo likimuuma asile kigumu; mpe uji, mchuzi wa samaki, ndizi laini, sombe iliyopikwa ikalainika.

Hapo mimea inaingia kwa heshima yake. Papai ni chakula laini chenye vitamini. Sinda iliyochemshwa vizuri ni maji salama yenye harufu nzuri yanayomfanya mgonjwa akubali kunywa. Asali ya msituni hutuliza kikohozi, na kwa hilo upo ushahidi mzuri, ila asipewe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyomlemaza. Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi, kama watu wengi walivyofanya mwaka 2020, hufungua pua. Hakufiki kwa kirusi kilicho ndani ya mapafu, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto imewaunguza wengi. Mtu mzima anayejifukiza aketi peke yake.

Kuna mambo matatu ambayo nayakataza bila kulegeza. Usipake majani yaliyopondwa, udongo, majivu wala mafuta ya gari juu ya kidonda kilicho wazi; vijidudu vinaingia, na kidonda cha mpox kikitunga usaha kinaweza kumuua mgonjwa. Usidondoshe maji ya jani wala utomvu jichoni. Mpox ikishika jicho linaweza kupofuka, na surua vilevile. Dawa za kudondosha za kienyeji zimewapofusha watoto wengi wa Afrika ambao surua peke yake ingewaacha na macho yao. Na usimsukumie mtoto mchanga dawa ya mizizi kwa nyuma kwa kile kipira cha mkono. Najua ni desturi iliyoenea mjini na vijijini. Utumbo wa mtoto hufyonza sumu haraka, kipimo hakuna anayekijua, na maji yanayomtoka baadaye hayarudi.

Surua inahitaji neno lake. Kati ya 2018 na 2020 iliua zaidi ya watu 7,000 nchini, karibu wote watoto. Haina dawa ya kuua kirusi chake, si ya msituni wala ya kiwandani. Ina chanjo, na ina vitamini A: dozi mbili, siku mbili zinazofuatana, kituo cha afya, kwa kila mtoto mwenye surua. Vitamini hiyo huokoa macho na uhai. Papai na mafuta mekundu ya mawese ni vyakula vizuri kwa mtoto anayepona, lakini wakati wa ugonjwa havitoshi kuziba nafasi ya dozi hizo.

Kwa mtu anayekunywa ARV, dawa za UKIMWI, maneno yangu ni machache na makali. Usiziache. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maji ya mzizi wa mugariga kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, wengine wakafia njiani. Kikombe kiliahidiwa kutibu UKIMWI, kisukari na mengine, na baadhi ya wanaoishi na virusi waliacha dawa zao wakiamini wamepona. Dawa za ARV zikiachwa, kirusi hurudi kwenye damu katika wiki chache. Babu wa Loliondo alifariki Julai 2021. Waliorudi kwenye dawa zao mapema ndio waliopata bahati. Kama unakunywa dawa za mizizi pamoja na ARV, mwambie anayekupa ARV. Hata kitunguu saumu, kilipojaribiwa kama vidonge zaidi ya miaka 20 iliyopita, kilipunguza kwa karibu nusu kiasi cha dawa moja ya zamani ya UKIMWI kwenye damu. Na mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma pamoja na ARV za siku hizi zenye dolutegravir avimeze wakati wa kula, vyote pamoja na chakula, au atenganishe saa, mhudumu atampangia.

Ukienda kwa mganga, nenda kama mtu anayenunua kitu cha thamani. Muulize: mti huu unaitwaje, na unatumia sehemu gani? Kiasi gani kwa mtoto, kiasi gani kwa mtu mzima? Nani asiunywe? Nitajuaje kwamba umefanya kazi, na baada ya siku ngapi? Usipofanya kazi utanipeleka wapi? Waganga wazuri ninaowajua hujibu maswali haya bila kukasirika, na la mwisho wanalijibu haraka kuliko yote, kwa sababu wameshapeleka wagonjwa kituo cha afya mara nyingi. Mwenye chupa moja inayotibu magonjwa kumi, asiyetaja mti, anayekutaka uache dawa za hospitali na utoe fedha yote kwanza, huyo muache hata kama anahubiri vizuri. Jihadhari pia na mizizi iliyolowekwa kwenye lotoko. Ini linalopigana na kirusi halihitaji kuongezewa pombe ya kienyeji ambayo hakuna aliyepima kilichomo.

Hata hivyo, nisingependa msomaji abaki akidhani msitu wa Lomami hauna kitu. Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza aina mpya ya kima aitwaye lesula, waliyemwona kwa mara ya kwanza mwaka 2007 akifugwa pale Opala. Wawindaji walikuwa wanamjua siku zote. Dunia ndiyo iliyokuwa haimjui. Kama mnyama mkubwa namna hiyo aliweza kukaa nje ya vitabu mpaka juzi, miti inayojulikana na wazee wa Kimbole wa huko bila kuandikwa popote haiwezi kuwa michache. Kati ya hiyo huenda umo mmoja utakaopita mtihani. Lakini mzee anakufa, kijana yuko Kisangani anaendesha baiskeli ya toleka, na jina la mti linaishia hapo.

Hivyo, kama una mzee anayejua, kaa naye na daftari. Andika jina la mti kwa lugha yake, mahali ulipoota, tarehe, sehemu inayotumiwa, ugonjwa anaoutibu na anavyoutambua, na namna anavyopima: konzi ngapi, maji kiasi gani, muda gani jikoni. Pima konzi hiyo kwenye mizani ya muuza chumvi, maana konzi ya mzee si konzi yako. Kata kitawi chenye maua au matunda, kwa sababu majani peke yake hayamtoshi mtaalamu. Kitandaze kati ya magazeti, weka ubao na jiwe juu, badilisha magazeti kila siku mpaka kikauke kabisa. Kinaweza kutambuliwa katika Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Kisangani, au Yangambi, ambako taasisi ya utafiti wa kilimo, INERA, ina hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa tangu wakati wa Wabelgiji. Ukichukua gamba la mti, chukua upande mmoja tu. Ukilizungushia kisu pande zote mti unakufa. Na usichume ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyoanzishwa 2016. Nje yake kuna msitu wa kutosha.

Mtafiti akija kutoka mbali, mpokee, lakini kabla ya kumwonesha mti dai karatasi: jina la taasisi yake, kibali cha serikali, na maandishi yanayosema kijiji kitapata nini dawa ikipatikana. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 unahusu haki hiyo, na Kongo imo. Katika visiwa vya Samoa, wanakijiji wa Falealupo waliandikiana mkataba kuhusu mti wa mamala, ambao waganga wao walikuwa wakiutumia kwa macho ya njano na ambao ulitoa kitu kiitwacho prostratin, kilichochunguzwa kwa ajili ya UKIMWI. Haki yao imeandikwa hata kabla dawa haijapatikana. Kijiji cha Opala kinaweza kudai hivyo hivyo, mradi mzee ajue kwamba anachokijua ni mali.

Mwisho, hizi ni dalili ambazo zikionekana hakuna jani la kungojewa: mtoto hawezi kunywa au anatapika kila kitu, anapumua haraka haraka, amepata degedege, analala mno na haamki vizuri, jicho limekuwa jekundu na linauma, vidonda vinanuka na kutoa usaha, au mama mjamzito ametokwa na vipele vya mpox. Washa pikipiki au tafuta mashua usiku huo huo, na majani uliyompa mtoto yaweke kwenye mfuko uende nayo, ili mhudumu wa afya ajue alichokunywa.